Kinubi cha Nyuma ya Kochi

Juzi niliitwa kupima madirisha ya ofisi moja hapa Kitale. Kazi yangu ni kushona mapazia, kazi nzuri sana kwa mtu asiyependa kutoka, ukiondoa hiyo sehemu ya kwenda kupima madirisha ya watu. Nilipofungua mlango kiyoyozi kikanipuliza usoni, hewa baridi yenye harufu ya vumbi lililolowa, nikasimama pale kizingitini na utepe wangu shingoni kama mtu aliyesahau kilichomleta. Karani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ni harufu ya kwetu. Akatazama kiyoyozi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta yake.

Yeye hakuuliza zaidi, kwa hiyo nitakueleza wewe.

Mimi nimekulia Doha. Watu wakisikia hivyo husogeza kiti wakitaraji habari za majumba ya vioo na magari ya dhahabu. Huwa nawaangusha. Doha niliyoijua mimi ilikuwa na kochi moja la kahawia, pazia zito lililofungwa mchana kutwa kuzuia jua, na kiyoyozi kilichokoroma kuliko baba. Tulipanga ghorofa ya tatu mtaani Al Sadd, nyuma ya maduka. Chini yetu kulikuwa na kibanda cha chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, na wateja hawakushuka garini. Walipiga honi tu, chai ikawafuata. Nilikuwa nikizisikiliza zile honi na kujiambia kwamba mji ambao mtu hashuki hata kununua chai ulijengwa kwa ajili yangu. Watoto wengine walilia wakinyimwa ruhusa ya kutoka. Mimi nililia nikiambiwa nivae viatu.

Siku pekee niliyotolewa nyumbani bila mjadala ilikuwa Ijumaa, siku ya kanisa. Mama alikuwa nesi, baba alitengeneza kompyuta za ofisi fulani, na Ijumaa wote wawili walikuwa nyumbani, basi hapakuwa na pa kujificha. Tulikwenda Mesaimeer, kwenye yale majengo ya makanisa yasiyo na msalaba nje, tukapita ukaguzi langoni, tukatafuta ukumbi wa ibada ya Kiswahili. Humo ungedhani umeingia Kisumu na Kampala kwa mlango mmoja. Askari wa mahoteli, madereva, manesi, vijana wa ofisini, na huko nyuma kabisa, karibu na mlango, akina dada waliofanya kazi katika majumba ya watu. Wanaume wote wazima niliwaita ankoo na wanawake wote niliwaita anti, na kwa upumbavu wa utotoni niliona hilo linatosha, sikumuuliza mtu jina.

Ankoo ninayetaka kukueleza habari zake alikuwa Mganda, askari wa mlango katika hoteli moja hapo hapo Al Sadd. Alikaa Sanaiya, kwenye makambi ya wafanyakazi, chumba kimoja na wenzake waliopokezana usiku na mchana, kwa hiyo saa zote kulikuwa na mtu amelala. Na ankoo huyu alikuwa na kinubi. Watu wa chumbani walikivumilia kwa muda, kisha wakamwambia achague, kinubi au kitanda. Ndipo Ijumaa moja baada ya ibada akaja kwetu na gunia la mchele begani.

"Sista," akamwambia mama, kwa maana manesi wote kwake walikuwa Sista, "naomba kukiweka kwenu. Hakili chakula."

Mama alichungulia ndani ya gunia kama anayechungulia kidonda. Tumbo la mti lililochongwa kama mtumbwi mdogo, limewambwa ngozi ya ng'ombe, na shingo ndefu iliyopinda juu yake ikiwa na vigingi mstari mzima. Kwao walikiita adungu. Sisi wa kanisani tukakiita kinubi.

"Kina wadudu?" mama akauliza.

"Kule Uganda vilikuwemo. Hapa vimekufa na joto."

"Ni 'wamekufa', Ankoo," nikamsahihisha kutoka kwenye kochi.

"Huyu naye ni nani, anafundisha amelala?" akasema. "Madamu wa Kochi." Jina likanikaa hadi siku aliyoondoka.

Kinubi kikawekwa nyuma ya kochi, mahali ambapo mimi nilitawala. Kila Ijumaa mchana ankoo alikuja, akala ugali na sukuma wiki ya mama, wakati mwingine omena iliyosafiri kwenye mizigo ya mtu, kisha akakitoa akapiga. Mwanzoni kilikuwa na nyuzi za nailoni, na nailoni haikuipenda Doha. Ukikitoa nje penye joto zinalegea, ukikirudisha ndani penye baridi zinakaza, na katikati ya wimbo zinabadili mawazo. Siku moja akaja na waya wa breki za baiskeli, zile baiskeli za watunza bustani. Akakaa kwenye sakafu yetu akaufumua uzi mmoja mmoja, mwembamba kama unywele, akaking'oa nailoni zote na kukivisha waya. Alipogusa uzi wa kwanza mama akatoka jikoni na unga mikononi. Ile haikuwa sauti ya gitaa wala ya kinanda. Ilikuwa kama kengele ndogo iliyopigwa ndani ya maji, ikakawia, ikakawia, hata baada ya yeye kuondoa kidole.

Nilishuka kwenye kochi. Baba alikuwepo, muulize.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Kinapigwa umekaa," akasema ankoo. "Naona tayari nusu ya kazi unaijua."

Nusu iliyobaki ilikuwa kucha. Waya si nailoni. Ukiugusa kwa nyama ya kidole unakukata, na sauti inatoka imekufa. Unatakiwa kuukwaruza kwa ukucha na kuuacha mara moja. Kucha za ankoo zilikuwa ngumu kama gamba la kobe. Zangu hazikuwepo. Mama, aliyekuwa akiona vijidudu mahali wengine wanaona mkono, alitukata kucha kila Alhamisi jioni, mimi na baba, tumepanga foleni. Na Jumapili, siku ya kwanza ya juma la shule, mwalimu wa darasa letu, mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole, alipita dawatini akikagua vidole kama anayenunua bamia.

Kwa hiyo vidole vyangu vilichanika. Nikipiga Ijumaa, Jumamosi siwezi kushika kalamu. Sikusema kitu, lakini mama alivigundua vidole hivyo nilipokunja uso mezani kwa ndimu iliyonichoma. Akavishika, akavigeuza.

"Unakipenda hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mkono wa kulia tu," akasema. "Kidole gumba na cha shahada. Na utasugua kwa brashi hadi ulie."

"Na mwalimu?"

Mama yangu hakuwahi kudanganya hata kipimajoto. Lakini Jumapili iliyofuata, kabla ya basi la shule, aliniketisha akanifunga plasta kwenye vidole viwili vizima kabisa, vizuri, kwa ustadi wa wodini, ukucha ukafichika ndani. Mwalimu alipita, akauliza nini kimenipata, nikasema nimekatwa na waya, jambo ambalo lilikuwa kweli juma lililotangulia. Muhula mzima akawa ananiuliza, "Bado havijapona?" nami namjibu, "Bado, Madamu." Mwisho akaniambia nimwambie mama anipeleke kwa nesi.

Kucha zikaota. Anti mmoja wa kule nyuma, aliyelea watoto katika nyumba moja kubwa na ambaye aliletwa kanisani na dereva akichelewa na kuchukuliwa mapema, aliona kucha zangu mbili akacheka hadi akashika ukuta. Ijumaa iliyofuata akaniletea vichupa vya rangi ya kucha alivyopewa na binti wa mwajiri wake. Mama akasema rangi haitagusa kucha zake. Zilikuwa kucha zangu, lakini hilo halikuwa jambo la kubishania. Nikapaka vigingi. Chekundu, kijani, zambarau, kimoja cha kumetameta. Ankoo alipokuja akakiona kinubi cha ukoo wake kimevaa kama bibi harusi wa Kihindi. Nilijikunja nyuma ya mto.

"Sasa unajua uzi upi ni upi?" akauliza.

"Nyekundu ni wa kwanza, kijani wa pili..."

"Basi," akasema. "Mimi baba yangu alinichapa hadi nikajua. Rangi ni nafuu."

Nilijifunza polepole, lakini nilijifunza, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda wala sikutaka. Watoto wa jirani waliteremka kucheza mpira jioni joto likipungua, kelele zao zikapanda hadi dirishani kwetu, nami nimeketi nyuma ya pazia na tumbo la kinubi mapajani, nikirudia wimbo wa kuingia kanisani hadi baba alipoomba tuwe na imani nyingine.

Kisha Ijumaa moja ankoo alikula kidogo. Akasukuma sahani, akasema mkataba wake unakwisha na kampuni haiongezi. Alibaki na majuma machache. Nikatazama kinubi. Naye akanitazama nikikitazama.

"Hiki hakikai bila kupigwa," akasema. "Ngozi inakauka, inapasuka, kinakuwa samani. Samani mnazo. Mwalimu wa kwaya anataka kinanda cha umeme, anangoja tu niondoke. Sasa sikiliza, Madamu. Ijumaa yangu ya mwisho, wewe utapiga wimbo wa kuingia. Mwanzo hadi mwisho, usikatike. Ukifika mwisho kinabaki hapa na ni chako. Ukikatika ninakirudisha nyumbani, na hatutagombana."

"Mbele ya watu?" nikauliza.

"Hapana, mbele ya kochi," akasema baba.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Mkenya mwenzetu, askari pia, mrefu, mwenye sauti nzito iliyotikisa viti vya plastiki. Kwaya yake karibu yote ilikuwa ya askari wenzake kwa sababu zamu zao zilipatana, na mazoezi yalifanyika Ijumaa jioni, saa ambayo akina anti wa majumbani walikuwa wamekwisha kurudishwa kazini. Aliponitazama nikifanya mazoezi na kundi lake alimwinamia mama. "Sista, huyu mtoto hutoka nje kweli? Amekuwa mweupe kama mkate wa khubuz." Lakini alikubali. Tulifanya mazoezi, na kila kitu kilikwenda sawa.

Tatizo lilikuja kwa sababu nilikuwa mtoto anayesikia alichoambiwa.

Ankoo alikuwa amenieleza desturi ya nyumbani kwa baba yake. Kabila zima silisemei. Kwao kinubi hakina sauti yake. Hupewa sauti ya mwenye nacho. Siku kinapokuwa chako unaamka, na kabla hujasalimia mtu yeyote, unaimba neno moja, kwa sauti ile ile uliyoamka nayo, na uzi wa kwanza unakazwa hadi uifuate. Nyingine zote zinaufuata huo wa kwanza. Mwenye kinubi akibadilika, kinubi kinakazwa upya. Siku zote tulizofanya mazoezi kilikuwa kimekazwa kwa sauti ya ankoo, sauti ya mtu mzima, tena mvuta sigara.

Ijumaa ile ilikuwa siku yangu. Nikaamka, sikumsalimia mama, akadhani nina homa. Nikajifungia bafuni na kinubi, nikaketi ukingoni mwa beseni, nikaimba neno moja. Nilikuwa na sauti ya paka aliyekanyagwa, lakini ilikuwa yangu. Nikazungusha kigingi chekundu juu, juu, waya ukalia, ukafika. Nikaupandisha wa pili, na wa tatu, na wote. Nilipotoka nilijiona nimekua.

Ukumbini Mesaimeer viti vilijaa. Ankoo alikaa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu mwenye haraka. Akina anti walikuwa ndiyo kwanza wanaingia kule nyuma, wakivua miwani ya jua. Mwalimu wa kwaya akaniashiria. Nikaanza.

Sauti ilipaa. Nakwambia ilipaa ikagonga dari. Nilipofika mahali pa kwaya kuingia, askari wote wakavuta pumzi, wakafungua vinywa, wakakuta wimbo haupo pale walipouacha. Walioufuata juu walipasuka koo. Walioukimbilia chini walisikika kama friji. Mmoja mmoja wakaacha. Mwalimu wa kwaya akanijia kwa hatua ndogo, tabasamu limemganda usoni kwa ajili ya waumini.

"Shusha," akaninong'oneza. "Shusha, mtoto wewe."

Lakini waya haushuki hivyo. Kushusha ni kulegeza nyuzi zote, moja moja, na kulegeza ni kukatika. Nilimtazama ankoo. Hakuniashiria chochote, alikuwa ameweka mikono magotini kama mtu aliye kwenye basi. Kwa hiyo niliendelea. Nilipiga peke yangu ukumbi mzima ukinisikiliza, kucha mbili na waya, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa mtaani nikicheza mpira.

Ndipo sauti ikaja kutoka mlangoni. Alikuwa yule anti wa rangi za kucha. Hakuwa mwanakwaya, hakuwahi kuwa. Saa ya mazoezi alikuwa akiwaogesha watoto wa watu. Lakini wimbo alikuwa anaujua, akauchukua pale pale juu nilipouweka, bila kujikaza, kama mtu anayechukua mkoba wake rafuni. Anti aliyekaa naye akaingia. Kisha mstari wao wote. Walikuwa wameimba siku zote kule nyuma kwa sauti za chini, wakijibana ndani ya wimbo uliokatwa kwa kipimo cha wanaume, nasi hatukujua kama wana sauti. Watu walianza kugeuka. Mama alikuwa amegeuka kabisa, amempa padri mgongo. Nilipiga hadi ubeti wa mwisho, nikauachia, na zile kengele za majini zikakawia juu ya vichwa vyetu kabla mtu hajakohoa.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alimkamata ankoo nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Huyo mtoto ameua kwaya yangu," akasema.

"Mimi sikusema kwaya iimbe," akajibu ankoo. "Nilisema yeye apige asikatike. Amekatika?"

Mwalimu wa kwaya akafikiri. "Hajakatika."

"Khalas, yamekwisha."

Ankoo hakuniambia neno la sifa. Alikuja kwetu, akala hadi akashiba, akaomba gunia lake la mchele. Akalikunja tupu, akalitia ndani ya mkoba, akaondoka zake. Baba alimpeleka uwanja wa ndege. Nilikataa kwenda, nikasema sipendi kutoka, na hakuna aliyenibishia.

Tangu hapo kukawa na nyimbo mbili kila Ijumaa, moja ya akina ankoo kwa kinanda cha umeme, na moja ya akina anti kwa kinubi. Mwalimu wa kwaya alisema ni kwa muda tu. Akawa anaketi kule nyuma wakati wetu, amefumba macho, na ukimuuliza atakwambia alikuwa amechoka na zamu. Sauti yangu ilipokuwa ikibadilika nilikikaza kinubi upya, kidogo kidogo, bafuni, bila kumsalimia mtu. Nilimaliza kidato cha nne, mama akapata barua ya kumaliza kazi, nasi tukaanza kufunga maboksi.

Kinubi tungeweza kukibeba. Baba alikuwa amekwisha kupima. Lakini nilijua nitakuja kukaa hapa Kitale, nyumbani, mlango umefungwa, na kwamba akina anti wangebaki na wimbo usio na kitu cha kuuinua. Nikamwita yule anti. Wakati huo alikuwa ameacha kazi za majumbani, amepata kazi ya kulea watoto wa shule ndogo huko Lusail, mji ambao nilipokuwa mdogo ulikuwa mchanga na vibao vya picha, na Ijumaa zake zilikuwa zake mwenyewe. Alijifunza kwangu juma baada ya juma, nami nikamtania kama nilivyotaniwa. Nikamwekea sharti lile lile. Hakukatika.

Alikuja kukichukua asubuhi na mapema, hajaongea na mtu. Hata dereva wa teksi alimwonyesha njia kwa mikono. Kochi lilikuwa limekwisha kuuzwa. Pazia nalo limeshushwa, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe jua lilikuwa limejaa sebuleni kwetu hadi kwenye kona. Aliketi sakafuni akakilaza kinubi mapajani, akaanza kulegeza nyuzi zangu. Uzi mmoja ulishuka ukanyamaza, kisha wa pili, hadi zote. Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Kisha akafumba macho akaimba neno moja, sauti pana yenye usingizi, akazungusha kigingi cha kwanza kuifuata.

Makanisani huko sasa nasikia wana vyombo vizuri. Ankoo sijui kama yu hai. Jengo letu, mtu mmoja aliniambia, limevunjwa. Anti tuliongea mara mbili, tatu kwa simu, kisha namba ikakataa, na nilipotaka kumtafuta kwa njia nyingine niligundua kwamba miaka yote ile nilimwita anti tu. Lakini nilikuwepo alipofika uzi wa mwisho. Aliupiga, akausikiliza, akanigeukia, na neno lake la kwanza siku hiyo akanipa mimi.

"Umeamkaje?" akasema.